Saa Nane ya Nani? Neno kwa Kijana Anayefanya Kazi na Wenzake

Wapendwa vijana wenzangu, leo naomba niwashirikishe kosa langu mwenyewe. Ni kosa dogo la meseji ya simu, lakini limemgharimu mtu kibarua chake, na mimi limenipeleka kwenye kiti cha kitubio.

Wengi mnajua kwamba baada ya kumaliza shahada ya falsafa nilitumwa mwaka wa uchungaji, nikaangukia huku Fukayosi, kwenye barabara ya kutoka Bagamoyo kwenda Msata. Kazi mojawapo niliyopewa ni kusaidia kusimamia ujenzi wa chumba cha mafundisho ya watoto. Mimi na ujenzi wapi na wapi! Lakini frateri akitumwa hakatai.

Tulipanga vizuri siku ya kumwaga zege la lenta. Mbao zimeshapigwa, nondo zimefungwa, kokoto na mchanga vipo, maji yamejazwa kwenye mapipa. Ilibaki mashine ya zege tu, tuliyokuwa tumeikodi mjini Bagamoyo. Usiku nikaandika kwenye grupu letu: "Kesho zege 8:00. Wote tuwepo. Mashine iletwe mapema."

Nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi yake.

Asubuhi saa mbili mafundi wakawepo, maana wao nilikuwa nimewaambia kwa mdomo. Mashine haipo. Saa tatu, haipo. Saa nne nampigia simu kijana aliyekuwa anashughulikia usafiri wa mashine, simu haipatikani. Huyu kijana nitamwita Dogo, kama tulivyomzoea. Saa saba na nusu huyo anaingia na mashine nyuma ya trekta, anatabasamu, anajua amewahi. Kwake 8:00 ni saa nane. Na kwa nini isiwe? Saa nane Kiswahili ni saa nane mchana. Ni mimi niliyeandika kwa saa za Kizungu kwa watu wanaohesabu saa tangu jua linapochomoza.

Tukaanza kazi saa nane. Saa kumi mvua ya masika ikashuka. Tulifunika kwa maturubai, lakini sehemu ya lenta ikaoshwa, na mifuko ya saruji iliyokuwa imeshachanganywa ikaharibika. Fedha ile ilitoka kwenye bahasha za kina mama wanaouza vitumbua na mihogo.

Jioni kamati ikakaa. Swali likawa moja: nani alichelewesha mashine? Mjumbe mmoja akasema Dogo ni mzembe, tena si mara ya kwanza. Mwingine akaitikia. Dogo alikuwa amesimama pale mlangoni, ameinamisha kichwa. Simu yangu ilikuwa mkononi, na meseji ilikuwa ndani ya simu. Nilichotakiwa kufanya ni kusema, "Jamani, tazameni nilivyoandika." Nikanyamaza. Ikaamuliwa Dogo asije tena kazini.

Siku kumi na moja nilikaa hivyo. Nasali Masifu ya asubuhi, nafundisha watoto Amri ya Nane, nakula, nalala.

Wenzetu wa VIWAWA, Vijana Wakatoliki Wafanyakazi, wanaijua njia ya Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyewakusanya vijana wa viwandani miaka ya 1920 na baadaye, mwaka 1965, akafanywa Kardinali. Njia yake ina hatua tatu: kuona, kupima, kutenda. Naomba tupite humo pamoja.

KUONA

Aliyenifumbua macho ni fundi wetu mkuu. Ni mzee wa Kikwere, Mwislamu, ana miaka mingi kwenye kazi hii. Siku hiyo tulikuwa tumekaa tunakunywa kahawa, akaniuliza taratibu, "Frateri, mwanangu, hivi ile siku wewe uliwaandikia saa ngapi?" Nikamwonyesha simu. Akavaa miwani, akasoma, akanirudishia. "Hii ni saa nane," akasema. Hakuongeza neno. Akaendelea na kahawa yake.

Hapo nikaona mambo mawili. Kwanza, meseji yangu ilikuwa mbovu kila sentensi. "8:00" ni ya asubuhi au ya mchana? "Wote" ni akina nani? "Iletwe" na nani? Seminarini nimefundishwa na Mtakatifu Thoma wa Akwino kwamba ukweli ni kulingana kwa akili na kitu chenyewe. Kichwani mwangu mambo yalilingana kabisa. Sikujiuliza kama yatalingana kichwani mwa mwenzangu.

Pili, na hili ndilo lililoniuma, meseji mbovu ni kosa la uzembe. Kunyamaza mbele ya kamati ilikuwa dhambi. La kwanza liliharibu saruji, la pili likamharibia mtu jina.

KUPIMA

Tulipime kwa Neno la Mungu. Mtume Paulo, katika sura ya 14 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, anatoa mfano wa tarumbeta ya vita: ikitoa sauti isiyoeleweka, askari hawezi kujiandaa. Anawaambia watu wa karama, watu wa sala, kwamba maneno yasiyoeleweka yanapotea hewani hata yakiwa mazuri. Kwa hiyo kueleweka ni sehemu ya upendo. Ukimpenda mwenzako utahangaika neno lako limfike.

Kisha soma Matendo ya Mitume sura ya 6. Kanisa bado changa, tayari kuna mgogoro kazini! Wajane wa Wayahudi wenye kuzungumza Kigiriki wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku, na manung'uniko yameanza. Mitume wangeweza kusema, "Hawa wanapenda kulalamika." Au wangemtafuta mgawaji mmoja wamtwishe lawama. Badala yake waliwaita waamini wote, wakalitaja tatizo wazi, wakasema kazi ipi ni ya nani, na jumuiya yenyewe ikachagua watu saba. Tazama majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori na wenzao, yote ni ya Kigiriki. Yaani waliosahauliwa ndio waliopewa usimamizi. Nikajipima: sisi siku ile tulitafuta wa kumfukuza, hatukutafuta tatizo.

Na kwa sisi wa huku Bagamoyo, mfano mwingine umepita mlangoni kwetu. Mwaka 1873 David Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Hakuwa Mkatoliki, alikuwa Mskoti wa Kiprotestanti. Waliokuwa naye ni Waafrika, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma. Wangeweza kumzika hapohapo na kila mtu akashika njia yake. Lakini walikaa kikao, wakakubaliana kuurudisha mwili pwani.

Angalia walivyogawana. Farijala, ambaye aliwahi kumtumikia daktari huko Zanzibar, ndiye aliyeutayarisha mwili. Jacob Wainwright, aliyesoma shule kule India, ndiye aliyesoma sala, akaandika orodha ya mali na kuchonga maandishi kwenye mti walipozika moyo wa marehemu. Susi na Chuma wakaongoza njia. Kila mmoja alishika anachokiweza, na wote walijua nani anashika nini.

Njiani waliugua hata wakalazimika kusimama. Walipofika karibu na Tabora, Luteni Cameron, ofisa wa Kiingereza, aliwashauri wauzike mwili palepale. Wakakataa kwa heshima, maana makubaliano yao yalikuwa wazi. Mbele zaidi wenyeji hawakutaka maiti ipite kwao. Basi wakatengeneza mzigo wa bandia, watu sita wakaubeba kama wanaurudisha nyuma, na mwili wenyewe ukafungwa kama robota la bidhaa. Sisemi hila ni kitu cha kuiga. Ninachosema ni kwamba angekosekana mmoja tu asiyeelewa mpango, safari ingeishia hapo.

Februari 1874, baada ya kama miezi tisa na zaidi ya kilomita 1,500 kwa miguu, waliingia Bagamoyo, na mwili ukapokelewa kwenye misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868. Ukienda hija Bagamoyo utauona mnara wa kanisa lile la zamani. Wengi wa wale wabebaji walilipwa ujira wao wakatawanyika. Mazishi yalipofanyika London, Aprili mwaka huohuo, Susi na Chuma hawakuwepo. Wainwright alikuwepo. Kumbe hata kazi iliyofanywa vizuri namna ile, waliotoa jasho wanaweza kusahauliwa. Na mimi nilikuwa nimemsahaulisha wa kwangu.

KUTENDA

Nilikwenda kuungama. Padre hakunipa malipizi ya rozari. Aliniambia, "Lawama ilitolewa mbele ya watu, nenda kaiondoe mbele ya watu."

Jumapili, baada ya Misa, niliomba dakika tano kwenye kamati. Nikaisoma meseji yangu kwa sauti. Nikasema: Dogo hakuchelewa, aliwahi kwa nusu saa kwa muda niliouandika mimi, na kikao kile nilikuwa najua nikanyamaza. Kulikuwa kimya. Mama mmoja wa WAWATA akasema, "Haya, Frateri, sasa kamlete mtoto wa watu."

Dogo nilimkuta Kiwangwa, anavuna mananasi kwa kibarua. Nikamwomba msamaha katikati ya matuta, jua kali. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo linanisumbua: "Frateri, mimi ile meseji nilikuwa nayo. Siku ile pale mlangoni nilikuwa nayo mfukoni."

Nikamuuliza, kwa nini hukuionyesha?

"Ningekuaibishaje mbele ya wazee? Wewe ni frateri."

Vijana, hapo ndipo nilipoelewa. Heshima ni tunu yetu, hatuiachi. Lakini kiongozi akistarehe juu ya heshima ya walio chini yake, hatausikia ukweli kamwe. Atasikia "sawa, Frateri," "ndiyo, bosi," "hamna shida," mpaka lenta lioshwe na mvua. Dogo alikaa kimya kwa ajili yangu, mimi nikakaa kimya kwa ajili yangu. Kati yetu wawili, yeye ndiye aliyebeba mzigo wa mwenzake.

Kutoka hapo tumewekeana taratibu chache kazini. Nawaachia, maana zinafaa ofisini, dukani, kwaya, hata kwenye kamati ya harusi:

1. Muda uandikwe kwa maneno: "saa mbili asubuhi." Ukiandika tarakimu tupu, umeandika fumbo.

2. Kila kazi iwe na jina la mtu mmoja. "Tutaleta" haileti kitu. Kazi ya wote mara nyingi inakosa mwenyewe.

3. Ukimwagiza mtu, mwombe akurudishie kwa maneno yake alivyoelewa. Si kumdharau. Ni kulipima neno lako. Na wewe ukiagizwa usipoelewa, uliza, maana kuuliza si ujinga.

4. Kwenye kikao, mdogo aanze kusema. Mkubwa akishasema, wadogo wataitikia tu.

5. Jambo likiharibika, swali la kwanza liwe "tulielewanaje?" kabla ya "ni nani?" Na kama ni wewe, sema palepale mwenzako anapolaumiwa. Ukiisubiri kesho, kesho itakuwa siku kumi na moja.

Dogo amerudi, lakini si kama mwanzo. Anakuja siku mbili kwa wiki, zilizobaki yuko kwenye mananasi, maana kule walimpokea alipokuwa hana pa kwenda. Siku alizokosa nilimlipa kidogo kidogo kutoka kwenye posho yangu, na bado sijamaliza. Lenta tulilivunja sehemu iliyooshwa tukamwaga upya. Siku hiyo Dogo alinipigia simu usiku: "Frateri, kesho saa mbili asubuhi, mashine naileta mimi. Nirudishie ulivyoelewa." Nikamrudishia, na wote wawili tukacheka.

Wiki hii, kabla ya kulala, jiulize: je, kuna mtu kazini anabeba lawama ya neno langu lisiloeleweka? Je, kuna anayeogopa kuniambia ukweli? Kama yupo, unajua pa kwenda. Usingoje Jumapili.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, Neno wa Baba uliyekuja kwetu kwa lugha yetu, tupe maneno yanayowafikia wenzetu, masikio yanayowasikia walio wadogo, na ujasiri wa kusema "ni mimi" inapokuwa ni sisi. Uibariki mikono ya vibarua wote. Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee. Amina.

Ni mimi ndugu yenu katika Kristo,
Frateri, Fukayosi