Ushahidi wa Nafsi na Ushahidi wa Mwingine

Swali la iwapo binadamu anaweza kulitambua kosa lake kwa kujichunguza peke yake ni la kale katika falsafa na katika dini, na kompyuta iliyoundwa kwa mikono hulitolea mfano ulio wazi, hasa inapotakiwa kuzungumza na kompyuta nyingine kwa mawasiliano ya mfululizo, yaani yale ambayo herufi hupelekwa biti moja baada ya nyingine katika waya mmoja. Waya huo haubebi mapigo ya saa, hivyo kila upande huhesabu muda kwa saa yake wenyewe.

Saa hiyo mara nyingi hutokana na fuwele ya MHz 7.3728, ambayo mapigo yake yakigawanywa kwa 64 hutoa biti 115,200 kwa sekunde. Fundi akiweka fuwele ya MHz 8, kasi hupanda hadi biti 125,000, na kwa kuwa herufi moja kwa kawaida huchukua biti 10, tofauti hiyo ya takriban asilimia 8.5 hujilimbikiza hata usomaji ukapotoka kwa zaidi ya nusu ya biti kabla herufi haijaisha; ndipo skrini hujaa alama zisizosomeka, na chipu ya mawasiliano huripoti hitilafu ya fremu, maana yake biti ya kumalizia haikuonekana mahali pake.

Ili kutafuta chanzo, mafundi huunganisha waya wa kutuma na wa kupokea wa kompyuta ileile, isikie inachosema. Kipimo hicho hufichua chipu iliyokufa, lakini kosa la saa hukiponyoka, kwa sababu saa iliyoipotosha kauli ndiyo inayoipokea. Kila herufi hurudi salama, na kompyuta huonekana nzima. Vivyo hivyo, dhamiri iliyotulia huenda imetulia kwa kuwa kipimo chake kimepinda sawasawa na tendo linalopimwa. Kinyozi hajinyoi.

Wairaqw wa nyanda za Mbulu wana sala iitwayo slufay, ambayo mzee huinena huku mkutano ukimwitikia, na mwitikio huo waweza kufasiriwa kuwa ni uthibitisho unaotoka katika vinywa visivyo vya msemaji. Ni kweli kwamba mwingine naye huweza kukosea, kwani saa mbili zikitofautiana, tofauti hiyo peke yake haisemi ipi ni mbovu. Lakini bila ya pili hata shaka isingezuka, na pande zote mbili zingebaki bila sababu ya kurejea kwenye kipimo kilicho juu yao, ambacho kwa mafundi ni kasi waliyokubaliana na kwa waumini ni amri ya Mungu.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama yu katika haki na ajihoji kwanza, kisha akubali kuhojiwa, na akikanushwa asiharakishe kulilaumu sikio la aliyemkanusha kabla ya kuikagua saa yake mwenyewe.