Ngamia wa Kwanza na wa Pili

Bukhari amepokea hadithi ya bedui aliyesikia Mtume (s.a.w.) akikana kwamba maradhi huambukiza, asikubali. Ngamia wangu, alisema, huwa wazima kabisa huko mchangani, kisha anaingia mmoja mwenye upele na wote wanapata upele. Mtume hakumkemea. Alimuuliza tu yule wa kwanza aliambukizwa na nani.

Swali hilo nalisikia kila Juni, baridi ya Nairobi inapoanza kuuma. Mimi ni mtu wa maabara katika kliniki ndogo ya Kawangware, si mbali na stage ya 46. Nyumbani ni Makina, Kibera, kwetu Wanubi. Mama analeta mtoto, namwingiza kijiti cha pamba puani, mtoto anapiga kelele, na kabla sijakichovya kile kijiti mama anauliza, "Daktari, homa hii ameitoa wapi?" Hapa kila aliyevaa koti jeupe ni daktari. Wengine huja wamekwisha kujijibu: ni mtihani, ni jicho la jirani, ni shetani. Haboba, yaani bibi yangu, alikuwa wa mtihani. Mtu akipiga chafya aliomba dua, halafu akachemsha majani ya mkaratusi, na hakuona mgongano wowote kati ya hayo mawili.

Mimi shetani sioni pa kumweka. Kirusi cha mafua ni vipande vinane vya chembeuzi na protini kumi na kitu. Hakipumui, hakili, hakiwezi hata kujizalisha. Juu ya ngozi yake zimechomoza protini mbili. Ya kwanza, hemaglutinini, hushika sukari fulani iliyo kwenye ncha za seli za koo na pua zetu, asidi ya siali. Ikishashika, seli yenyewe ndiyo hukivuta kirusi ndani, ikikifungia katika kifuko. Kifuko kikiingia uchachu, hemaglutinini hujikunjua, ikaunganisha ngozi ya kirusi na ya kifuko, na vile vipande vinane vikamwagika ndani. Lakini haiwezi kujikunjua kama haijakatwa kwanza mahali maalumu, na kimeng'enya kinachoikata ni chetu, kimo katika njia zetu za hewa. Mgeni kafunguliwa mlango na mwenye nyumba. Humo ndani protini tatu zinazofanya kazi pamoja hunyofoa vichwa vya ujumbe wa seli na kuvibandika kwenye ujumbe wa kirusi, na seli hutii kwa sababu kutii ujumbe wenye kichwa hicho ndiyo kazi yake.

Ghazali, katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa, aliandika juu ya pamba na moto: tunachoona ni pamba kuungua inapogusana na moto, hatuoni moto ukiiunguza. Mtendaji ni Mungu. Nikifuata mafua hatua kwa hatua namwelewa zaidi kuliko nilivyomwelewa madrasa. Popote ninapotafuta mtenda, nakuta kitu kinachogusana na kitu. Hakuna anayenuia. Hata usugu wa dawa hauna nia. Januari 2008 Norway iliripoti mafua ya H1N1 yasiyosikia dawa ya oseltamiviri. Asidi amino moja tu, ya 275 katika ile protini ya pili ya juu ya ngozi ya kirusi, ilikuwa imebadilika. Norway walikuwa hawaitumii sana dawa hiyo. Mwenye kutafuta adhabu ya watumiaji atafute kwingine.

Hiyo protini ya pili ndiyo nipendayo kuisimulia. Inaitwa nyuraminidesi, na kazi yake ni kukata ile ile sukari ambayo mwenzake anaishika. Virusi vipya vinapochipuka juu ya seli, hemaglutinini yake hung'ang'ania sukari ya pale pale vilipozaliwa. Pasipo mkasi huo haviendi popote. Oseltamiviri, ile Tamiflu, huingia kwenye makali ya mkasi ikakaa. Haiui kirusi hata kimoja. Inakiacha kinase kwa mshiko ule ule uliokiingiza. Nimesoma hoja nyingi za wanateolojia juu ya shari na sijaona iliyonipendeza hivi.

Ila hoja nzuri haimtoshi mtu wa maabara, kwa sababu mimi naona kila hatua ina mahali pa kuizuia. Ibn al-Khatib wa Granada, karne ya 14, aliona tauni ikipita kwa nguo na vyombo, akasema kuambukiza kumethibitishwa na macho, na maandiko yafasiriwe kwa kuzingatia hilo. Ibn Hajar wa Misri, aliyekuja baadaye, alikataa. Akaandika kitabu kizima juu ya tauni, naye alikuwa amezika binti zake kwa tauni hiyo hiyo. Siwezi kumcheka mtu wa namna hiyo. Lakini Abu Hurayra, msimulizi wa hadithi ya bedui, alisimulia pia kwamba mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa wazima. Baadaye alishikilia hiyo ya pili na kuinyamazia ya kwanza, na alipobanwa aeleze, inasemwa alijibu kwa hasira kwa Kihabeshi. Nampenda sana Abu Hurayra hapo.

Kwa hiyo naligawa swali. Ngamia wa kwanza ni wa Mungu. Wa pili ana mwenyewe, na kati yake na wa kwanza kuna nafasi inayopimika. Kibera nafasi hiyo ni futi kumi kwa kumi, mabati pande zote, watu watano au sita na dirisha moja lililozibwa kwa gunia sababu ya wezi. Matatu ya asubuhi kutoka Kawangware madirisha yamefungwa kwa baridi. Watu wa taasisi ya utafiti ya KEMRI, pamoja na wenzao wa CDC ya Marekani, walipita miaka mingi nyumba kwa nyumba Gatwekera na Soweto, humo humo Kibera, wakiuliza nani amekohoa, na wagonjwa wakatibiwa kliniki ya Tabitha. Mafua yalikuwamo, mwaka mzima. Mtu huanza kuambukiza siku moja kabla hajajijua kuwa mgonjwa, kwa hiyo si kila ngamia wa pili ana wa kulaumiwa. Oseltamiviri nayo hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 48, na wengi huja kwangu siku ya nne, wakitoka kemisti na amoksilini, ambayo kwa kirusi ni bure kabisa.

Nilimweleza ustadhi wetu haya baada ya isha. Akakumbusha kwamba aliyekula kitunguu saumu kibichi alikatazwa kuukaribia msikiti asiwaudhi wenzake, basi mwenye kikohozi ana sababu kubwa zaidi ya kusali nyumbani. "Kusali nyumbani ni rahisi, ustadhi," nikamwambia. "Mjengo je?" Mtu wa mjengo hulipwa kwa siku. Ukimwambia akae ndani siku tano asiwaambukize wenzake, umemwambia watoto wake walale njaa siku tano. Tuna mfuko wa mazishi, tunachangia sanda na gari bila kuulizana. Wa kumlipa mtu asitoke akiwa anakohoa hatuna. Nilipolipeleka wazo hilo kwenye kamati ya msikiti, mzee mmoja akasema zaka ina mafungu manane na homa haimo. Nikamjibu kwamba fukara ndiye wa kwanza kutajwa. Wakaliahirisha hadi kikao kijacho, ambacho ajenda yake ya kwanza ni rangi ya mnara.