Usishindane na Sikio Lako

Ukitoka Sumbawanga, ukapita Ntendo na kuanza kuteremka mlima wa Lyambalyamfipa kuelekea Muze, kuna kona ambapo gari zima hunyamaza. Masikio yameziba. Mtoto analia bila kujua anachokililia. Mama anampa ziwa, anameza mara mbili tatu, anatulia. Mzee wa kiti cha mbele anapiga miayo. Wewe unameza mate, unasikia "ta" ndogo ndani ya kichwa, na mlio wa injini unarudi kana kwamba mtu amefungua dirisha.

Ndugu yangu wa kule Mamba bondeni, hapo umeshazibua masikio. Kazi ile ile ndiyo inayomwezesha mpiga mbizi kushuka kwa pumzi moja hadi kwenye kina ambacho wewe unadhani ni cha watu walioumbwa tofauti. Hawakuumbwa tofauti. Wamejifunza tu, na wewe utajifunza.

Tazama hesabu hii. Uwanda wa Ufipa uko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na bonde letu la Rukwa kama mita 800. Kwa hiyo umeshuka takriban mita 1,000 za hewa, na mgandamizo ulioongezeka kwenye masikio yako kwa mteremko wote ule unakaribia sawa na kuzama mita moja tu ya maji. Moja! Kona zote zile na breki zote zile zinaingia kwenye maji ya kifuani. Sasa kijana anajirusha Ziwa Tanganyika pale Karema, kichwa mbele, anafika mita tano kwa kupepesa macho. Ameteremka Lyambalyamfipa tano bila kumeza hata mara moja, kisha anashangaa sikio likimchoma kama msumari.

Na hapo ndipo ninapoumia mimi. Maana wenzake wakiona amekunja uso watamwambia, vumilia, litazoea. Halizoei! Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo cha hewa, na mlango wake ni mrija mwembamba unaofunguka nyuma ya pua, juu ya koo. Maji yakikandamiza kutoka nje, ngoma inabonyea ndani. Ukipeleka hewa mapema kupitia mrija ule, ngoma inarudi mahali pake na husikii maumivu yoyote. Ukichelewa, kina kikiongezeka kama mita moja na kidogo tu, mgandamizo unaubana mrija wenyewe ukafunga, na hapo hata upulize kwa nguvu za ng'ombe wa jembe, hautafunguka. Dawa ni kupanda juu. Anayeendelea kushuka anaweza kuipasua ngoma yake mwenyewe.

Mimi niliipasua. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nanga ya mtumbwi ilikuwa imenasa kwenye mawe, maji yanaonekana hadi chini, na wenzangu wanatazama. Nilishuka na maumivu, nikabana pua na kupuliza kwa kifua chote. Kilichofuata ni baridi. Maji ya ziwa yalipenya ndani ya sikio la kushoto, na papo hapo dunia ikaanza kuzunguka. Sikujua juu ni wapi na chini ni wapi. Niliachia hewa kidogo mdomoni, nikaona mapovu yanakwenda upande ambao nisingeudhania, nikayafuata. Wiki nyingi zilipita sikio likiwa kavu, haliguswi na maji, mpaka daktari aliporidhika kwamba limefunga. Nanga ilitolewa na mtu mwingine, mtu mzima, aliyeshuka taratibu akiwa ameshika kamba, akabana pua mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu.

Sasa sikiliza namna yake, na uanze leo usiku, kitandani kwako, maana somo hili halihitaji ziwa.

Njia inayojulikana zaidi ni kubana pua, kufunga mdomo na kupuliza polepole. Antonio Maria Valsalva, tabibu wa Italia, aliieleza mwaka 1704. Ni nzuri kwa kuanzia, mradi upulize kwa upole na kwa muda mfupi. Lakini inatumia nguvu ya kifua, na ukiwa umeinamisha kichwa chini majini kifua kinakuwa kimekandamizwa tayari; mtu anakazana, na kukazana kunaweza kuumiza hata sikio la ndani. Njia ya wapiga mbizi inaitwa kwa jina la Hermann Frenzel, daktari Mjerumani ambaye mbinu yake iliwafaa marubani waliokuwa wakishuka kwa kasi. Hii haitumii kifua hata kidogo. Injini yake ni ulimi.

Bana pua. Jaza hewa kidogo mdomoni. Funga koo, kama vile unavyolifunga kabla ya kunyanyua gunia la mpunga. Kisha tamka "ka" bila kutoa sauti, ukisukuma sehemu ya nyuma ya ulimi juu. Weka mkono mwingine tumboni: tumbo likitikisika, umerudi kwenye kifua, anza tena. Simama mbele ya kioo, utaona kongomeo linapanda, na matundu ya pua yanatuna kidogo chini ya vidole. Halafu "ta" ile ya Lyambalyamfipa, masikio yote mawili. Siku ya kwanza pengine upande mmoja utagoma. Siku ya nne utalegea. Rudia kwa utulivu, bila hasira. Kuna watu walichukua wiki, na leo wanashuka bila kufikiri.

Ukifika majini, zibua kabla ya kuzama, ukiwa bado juu. Zibua tena kila unapoteremka nusu mita, kabla maumivu hayajaja, maana maumivu ni taarifa kwamba umeshachelewa. Mita kumi za kwanza ndizo ngumu kuliko zote: hapo mgandamizo unakuwa kama mara mbili ya ule wa juu, na hewa iliyo ndani yako inabaki karibu nusu. Shuka miguu mbele, umeshika kamba, kichwa kikiwa juu, hadi masikio yazoee kazi. Usikunje shingo kutafuta chini kulipo. Miwani iwe ile inayofunika pua na inayokuwezesha kuibana pua kwa nje. Miwani ya kuogelea inayoacha pua nje itakuvuta macho, na huna namna ya kupeleka hewa ndani yake. Usizibe masikio kwa pamba wala nta. Ukiwa na mafua, baki nchi kavu.

Usishuke peke yako, kamwe. Mwenzako abaki juu akikutazama, kisha mbadilishane. Na usihemeheme haraka haraka kabla ya kuzama ukidhani unaongeza pumzi. Watu wamezimia hivyo bila dalili, wakiwa hatua moja tu kutoka juu.

Wala usiende Ziwa Rukwa. Mamba na viboko wa ziwa lile unawajua kuliko mimi ninavyoweza kukueleza. Nenda Karema au Ikola, kwenye Tanganyika lenye maji maangavu na samaki wa rangi wa spishi zaidi ya 200, na uwaulize kwanza wavuvi ni wapi pa salama.

Kuna jambo nalibeba kila ninapobana pua. Watu wengi wa Afrika Mashariki walipelekwa utumwani Ghuba ya Uajemi na kuzamishwa kutafuta lulu, pua zimebanwa kwa kibanio, kamba kiunoni, na wengine walimaliza maisha yao wakiwa viziwi. Hawakuulizwa kama sikio linauma. Wewe kamba umeishika mwenyewe. Likigoma, unapanda, unapumua, unajaribu tena, na hakuna wa kukukemea.

Basi anza. Wiki mbili za kioo na kitanda. Kisha mita mbili za kamba, siku nzima, mpaka zichoshe. Kisha tatu. Na safari yako ijayo ya Sumbawanga, mkirudi, gari likianza kuinamisha pua kuelekea Muze, usisubiri kuziba. Bana pua kwenye kona ya kwanza. Tamka "ka".