Nani Analipa Gharama ya Kujifunza Kwetu?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Anayejifunza kushona huharibu kitambaa, na anayejifunza kupika huunguza wali. Hakuna aliyezaliwa fundi. Lakini kitambaa kile kina mwenyewe, na wali ule ulinunuliwa kwa pesa ya mtu. Swali ninalotaka tulitafakari ni hili: mwanafunzi anapojifunza kazi kwa mali ya mtu mwingine, anafanya hivyo kwa haki gani? Na hasara ikitokea, ni ya nani?

Swali hili linatugusa moja kwa moja sisi tunaosoma uongozi wa biashara. Masomo yetu hayaishii darasani tena. Tunagawanywa katika vikundi, na kila kikundi kinapewa mteja wa kweli: duka, karakana, ushirika wa wakulima. Tunachunguza kazi yake kwa wiki kadhaa, kisha tunamwandikia ripoti ya ushauri. Jambo hili si geni duniani. Huko Ufaransa, wanafunzi wa shule ya ESSEC walianzisha shirika la ushauri la wanafunzi mwaka 1967, na mfano wao umeigwa katika nchi nyingi. Faida yake haina shaka, maana kitabu peke yake hakimfundishi mtu kusoma daftari la madeni lililolowa mvua. Lakini biashara ikifilisika kitabuni hakuna anayelala njaa. Nje ya kitabu yupo.

Kikundi chetu cha Gitega kilipewa mteja aliyeko Muyinga, mzee mwenye mashine ya kusaga mahindi na muhogo. Alitupokea kama wanawe. Alitaka ripoti ya kumwonyesha namna ya kuendesha mashine ya pili aliyokusudia kununua. Mkopo wa riba hakuutaka, Allah amlipe kheri. Alipanga kuuza kiwanja alichorithi kwa baba yake. Kila Mrundi anajua uzito wa maneno hayo: nchi yetu ni ndogo, watu ni wengi, na ardhi ikishauzwa kuirudisha ni shida.

Tukaanza kuandika saa ambazo mashine inafanya kazi na saa ambazo imesimama. Umeme ukikatika, inasimama. Akitaka kutumia mazuti, mara hayapatikani, mara bei imepanda. Foleni aliyoiona mzee ilikuwa ya kweli, lakini chanzo chake hakikuwa uchache wa mashine. Chanzo kilikuwa zile saa za kusimama. Mashine ya pili ingekaa kando ya ya kwanza, zote mbili zikisubiri umeme ule ule.

Hapo tukagawanyika. Sehemu ya alama zetu ilitegemea maoni ya mteja, na kila mmoja wetu alilijua hilo. Mwenzetu mmoja akasema: "Mzee hakutuuliza kama anunue. Ametuuliza namna ya kuendesha. Tujibu tulichoulizwa." Mwingine akasema: "Sisi ni wanafunzi tu. Yeye amesaga unga kabla hatujazaliwa. Tumkataze sisi ni nani?"

Hoja hizi mbili zinastahili kujibiwa, na nianze na ya pili kwa sababu ina unyenyekevu ndani yake. Tunasoma katika Sahih Muslim kwamba Mtume wetu (s.a.w.) aliwakuta watu wa Madina wakiipandishia mitende yao, akasema hadhani kama jambo lile linafaa kitu. Wakaliacha, mazao yakapungua. Alipoambiwa, akawarudishia wenyewe mambo ya dunia yao ambayo wao wanayajua zaidi. Ikiwa yeye, mbora wa viumbe, aliwaachia wakulima ujuzi wao, je, mwanafunzi mwenye kompyuta ya kuazima? Kwa hiyo wajibu wa kwanza ni kuuliza. Tuliporudi kwa mzee na kumuuliza, alituambia jambo lisiloandikwa katika daftari lolote: siku ya soko, mtu aliyetoka mbali akikuta foleni huenda kwingine na harudi tena. Saa moja ya siku hiyo inazidi saa nyingi za siku nyingine.

Lakini unyenyekevu unatutaka tusikilize. Hautupi ruhusa ya kunyamaza juu ya tulichokiona. Mtu akikuona unaelekea kwenye shimo hasemi, "Wewe umeizoea njia hii kuliko mimi."

Sasa tuje kwenye hasara. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayetibu watu bila kujulikana kuwa na elimu ya tiba anabeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Tukilipima jambo letu kwa kipimo hicho, tunapaswa kuogopa. Kampuni ya McKinsey, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1926 na mwalimu wa uhasibu, James O. McKinsey, iliirudishia Eskom, shirika la umeme la Afrika Kusini, karibu randi bilioni 1 mwaka 2018 baada ya mkataba wao kuzua kashfa. Kampuni kubwa ikibanwa ina cha kurudisha. Mimi ninayeishi kwa kutumiwa na wazazi, nitamrudishia mzee kiwanja gani?

Je, basi tuache kujifunza? Hapana. Wanazuoni wameeleza kwamba tabibu mjuzi, aliyepewa idhini na asiyevuka mpaka wake, hadhamini. Katika maneno hayo naona mlango wetu. Ujuzi ambao hatujaukamilisha tuupate kwa mwalimu anayesimama nyuma yetu, aipitie kazi kabla haijamfikia mteja, si baada ya kutoa alama. Idhini iwe ya kweli: mteja ajue kwamba sisi ni wanafunzi, kwa maana mtu aliyedhani amepata wataalamu hajaidhinisha kitu. Na mpaka uandikwe: hiki tumekipima, hiki hatukukipima.

Imebaki hoja ya kwanza, ya kujibu tulichoulizwa tu. Fatima bint Qays (r.a.) alipoposwa na Muawiya na Abu Jahm, alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) na kumtajia wanaume hao wawili. Mtume akamweleza wazi kasoro ya kila mmoja kwa jambo la ndoa, kisha akamwelekeza kwa wa tatu, Usama bin Zayd. Mwanzoni hakupendezwa. Baadaye aliolewa naye, akaona kheri. Kama kushauri ni kujibu swali tu, angetajiwa mmoja kati ya wale wawili. Anayeomba ushauri ameweka mikononi mwako maslahi yake, na hiyo ndiyo amana. Mzee alitaja mashine, lakini alichokuwa anakitafuta ni riziki ya watu wa nyumba yake.

Tulikubaliana kumwandikia kwamba asiuze kiwanja kwa sasa. Tulimshauri awe na akiba ya mazuti kwa ajili ya siku ya soko peke yake, na siku nyingine apokee magunia yenye majina ya wenyewe, asage umeme unaporudi hata kama ni usiku, watu waje kuchukua asubuhi. Ukurasa wa kwanza ulisema sisi ni nani, ni mwalimu gani aliyeipitia kazi, na kwamba hatukupima msimu wa kiangazi.

Mzee alisoma kimya, akasema: "Wanangu, nimewaita mnijengee, mmenizuia msingi." Alama alizotupa hazikuwa za kujivunia. Hadi naandika haya, kiwanja hakijauzwa. Inawezekana mwakani umeme ukatengemaa, bei ya mashine ikapanda, akatukumbuka kwa masikitiko. Hilo nalo tulilijua tulipotia saini, na lingetupata hata kama tungemwambia anunue. Atakayeulizwa mbele ya Allah hataulizwa kama alijua ghaibu. Ataulizwa kama alisema alichokiona.

Ndugu yangu, dada yangu, muhula ujao huenda nawe ukapewa mteja. Kabla hujafungua kompyuta, jiulize: angekuwa baba yako, ungemwandikia hivyo hivyo? Alama husahaulika baada ya mahafali. Mzee ataendelea kuishi na ripoti yako.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa, na atulinde tusiwe sababu ya hasara ya waja wake. Amin.

Wallahu a'lam.