Je, Sauti ya Kuigiza Ni Uongo?

Tuna swali ambalo juu juu linaonekana ni la mafundi wa kompyuta, lakini sisi wazazi wa hapa Macquarie Fields tumeona linatuhusu pia. Kitu kikijitambulisha kwa jina lisilo lake, na kazi ya mwenye jina kikaifanya kwa sehemu kubwa tu, je, kimesema uongo?

Kompyuta za siku hizi zinaweza kubeba kompyuta nyingine tumboni mwao. Ni programu inayojifanya mashine kamili, yenye diski yake na kadi yake ya sauti, na ndani yake unaweka Windows 98 au mfumo mwingine wa zamani ukaendelea kuishi. Mashine ya ndani mafundi huiita mgeni, na ya nje huiita mwenyeji. Mgeni akiuliza kuna kadi gani ya sauti, mara nyingi hujibiwa kwamba ni Sound Blaster 16, kadi iliyotolewa na kampuni ya Creative ya Singapore mwaka 1992. Kadi yenyewe haipo. Kilichopo ni programu iliyofundishwa kujibu maswali kama kadi ile ingejibu.

Majibu kwa kawaida ni sahihi. Taabu iko kwenye saa. Kadi halisi ilikuwa na saa yake na ilikwenda kwa mwendo wake. Kadi ya kuigiza inasubiri zamu kwa mwenyeji, naye ana shughuli zake nyingi. Akichelewa hata sehemu ndogo ya sekunde, sauti hukatika au hukwaruza. Kuna na kosa jingine ambalo sikio halilitambui kuwa ni kosa. Sauti iliyorekodiwa kwa vipimo 44,100 kila sekunde ikichezwa kwa vipimo 48,000, hupanda kidogo na kwenda mbio, hata mazungumzo ya saa moja yakaisha kwa dakika 55 hivi. Bibi anasikika kama binti yake. Asiyemjua bibi hatashtuka.

Sasa basi, baadhi yetu tunazo diski za zamani za kuwafundishia watoto Kiswahili. Sauti zake zimefungwa ndani ya programu, na programu hiyo inakataa kufunguka kwenye kompyuta mpya ila kwa kupitia huyo mgeni. Humo kuna neno kufaa. Likikatwa silabi moja linabaki kufa. Komaa inabaki koma, na shangaa inabaki shanga. Sisi tuliokulia Tanga au Mombasa tunacheka na kujaziliza wenyewe. Mtoto aliyezaliwa hospitali ya Campbelltown, anayekisikia Kiswahili kwa baba, kwa mama na kwa mashine hiyo, atajaziliza kwa lipi?

Mji huu wa Sydney una historia yake katika jambo hili. Mwaka 1979 Kim Ryrie na Peter Vogel walitoa kinanda cha kompyuta kiitwacho Fairlight CMI. Nia yao ya kwanza ilikuwa kuiunda sauti ya ala kwa hesabu tupu, tangu mwanzo. Kompyuta za wakati ule hazikuweza, ndipo wakaamua kurekodi sauti halisi na kuipandisha na kuishusha. Baadaye walikuja kusema kwamba waliiona njia hiyo kama udanganyifu. Tunaona walijihukumu kwa ukali mno. Aliyebonyeza kinanda kile alijua fika kwamba hakuna mpiga tarumbeta chumbani.

Vivyo hivyo, kumdanganya mgeni wa ndani ya kompyuta si dhambi. Programu haina haki ya kuambiwa kweli, na ikiambiwa kweli itagoma kusema. Lakini sauti haiishii kwa programu, inafika kwa mtu, na mtu huyo hakuuliza jina la kadi. Aliketi kusikiliza, akaamini. Fundi anayetuambia kwamba kazi ni nzuri kwa sababu programu haikulalamika amempima shahidi asiye na masikio. (Wapenzi wa michezo ya zamani ya kompyuta wanalijua hili kuliko sisi. Chipu za Yamaha ziliigiza tarumbeta vibaya, nao wanataka hata ubaya ule uigizwe sawasawa, kwa kuwa ndio walioupenda.)

Swali gumu zaidi ni kama sauti yenye kasoro ni bora kuliko kimya. Hapa tumegawanyika. Wengine wanasema nusu shari si shari kamili, mtoto na asikie hivyo hivyo. Wengine wanasema neno likishaingia sikioni likiwa limepinda, kulinyoosha ni kazi kuliko kulifundisha upya, nasi tunaegemea huko, ingawa hatuwezi kusema tuna mwalimu wa kutosha wa kushika nafasi ya diski.

Kwa sasa diski zinachezwa, na mtu mzima anakaa kando. Neno likikatika analitamka mwenyewe. Kompyuta moja ya mwaka 1998, yenye kadi halisi, ingalipo kwenye gereji moja karibu na stesheni. Feni yake inapiga kelele kuliko msoma maneno, na mwenye gereji anataka nafasi yake kabla ya Krismasi.