Jicho la Samaki na Jicho la Nzi

Ukivuka kivuko cha Likoni asubuhi, kabla jua halijawa kali, utawakuta wauza samaki wamekwisha kupanga changu, tasi na pono juu ya meza zao. Mwenye meza hana budi kushika upepeo mkononi, kwa maana nzi nao wamewahi soko. Samaki na nzi hukutana hapo kila siku, na hakuna mpita njia afikiriye kuwa wawili hao wana jambo la kushirikiana, ila ulaji wa mmoja juu ya mwingine.

Siku moja nilinunua changu, nikaenda naye darasani Kisauni ili niwaonyeshe wanafunzi umbo la jicho lake. Kabla sijasema neno, nzi akatua juu ya jicho lile. Nikawauliza wanafunzi, "Kati ya jicho la samaki huyu na jicho la nzi huyu, kuna undugu gani?" Wakajibu kwa sauti moja kuwa hakuna. Mmoja akaongeza kwa mzaha, huku akimwonyesha kwa kidole mwenzake ambaye wazazi wake walitoka mbali na pwani, "Hakuna, kama vile usivyokuwapo kati yetu na huyu wa kuja." Darasa zima likacheka, isipokuwa mmoja. Mimi nami sikucheka, lakini sikukemea. Niliendelea na somo kana kwamba sikusikia. Insha hii ni deni la ukimya ule.

Jibu la wanafunzi juu ya macho lilikuwa na haki yake. Jicho la samaki lina lenzi moja ya mviringo, ngumu kama ushanga. Jicho la nzi ni mkusanyiko wa vijicho vingi vidogo, vilivyopangwa kama vyumba vya sega la nyuki. Kwa muda mrefu hata wataalamu wengi walidhani kuwa maumbo mawili yaliyotofautiana hivyo hayakosi kuwa yalianza mbalimbali, kila moja kwa njia yake.

Lakini ndani ya kila kiumbe mna amri ndogo ndogo ziitwazo jeni, ambazo mtoto huzirithi kwa wazazi wake, nazo huongoza jinsi mwili unavyojengwa tangu yai. Mwaka 1994 mtaalamu Walter Gehring na wenzake, katika mji wa Basel nchini Uswisi, waligundua kuwa jeni ambayo nzi akiikosa huzaliwa bila macho yafanana mno na jeni iongozayo ujenzi wa jicho la panya na la binadamu. Mwaka 1995 walieleza jaribio la ajabu. Waliitia jeni ya panya katika mwili wa nzi, wakaiamsha mahali pasipo pake, kama vile miguuni. Macho yakaota pale. Je, yalikuwa macho ya panya? La! Yalikuwa macho ya nzi. Amri ilitoka kwa mgeni, nao mwili wa mwenyeji ukaielewa na kuitii kwa desturi yake wenyewe.

Jeni hiyo imo pia katika samaki, nayo hufanya kazi katika jicho lake. Imo ndani yako wewe usomaye. Mtu akiirithi ikiwa na kasoro, huweza kuzaliwa bila ile duara yenye rangi izungukayo mboni. Wala si hiyo peke yake. Christiane Nüsslein-Volhard wa Ujerumani alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1995 pamoja na Eric Wieschaus na Edward Lewis, kwa kuchunguza jinsi mwili wa nzi unavyojengwa. Yeye akaendelea kuchunguza samaki mdogo mwenye milia, na kazi ya namna hiyo imeonyesha kuwa nzi na samaki hushiriki amri nyingi za ujenzi, ingawa babu yao mmoja aliishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Amri hizo zimedumu kwa sababu kila moja hushika mambo mengi kwa pamoja. Ikivurugika sana, kiumbe mara nyingi hafiki kuacha uzao.

Sasa, msomaji, hapa twaweza kuponyokwa na neno jepesi. Twaweza kusema, "Viumbe vyote ni ndugu, basi na tupendane." Neno hilo ni tamu, lakini hoja yake ni dhaifu. Kama undugu ungetosha kuzuia ubaya, Kabili asingalimwua Habili. Tena, muuza samaki wa Likoni apigaye nzi kwa upepeo hatendi dhambi, wala sisi tulao changu hatuli ndugu zetu. Undugu wa jeni peke yake hauleti sheria ya wema.

Basi unaleta nini? Naona kuwa unambatilishia mwongo ushahidi wake. Mtu atakaye kumdhulumu mwenziwe huanza kwa kusema kuwa mwenzi huyo ni wa udongo mwingine. Mwezi wa Agosti 1997, nilipokuwa mtoto mdogo, watu wenye silaha walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, kisha watu waliotoka bara wakaandamwa kwa sababu ya asili yao. Wengi waliuawa, na maelfu wakakimbia makwao. Yalikuwapo malalamiko ya ardhi na ya kazi, na kulalamika si kosa. Kosa ni kulifanya kabila la jirani kuwa hukumu yake. Ikiwa miaka milioni 500 haikuweza kulitenga jicho la nzi na jicho la samaki, safari ya siku moja kutoka bara hadi Changamwe itamtengaje mtu na mtu?

Hata hivyo sitaki usadiki kuwa haki yangojea ruhusa ya sayansi. Hata kama tofauti zetu zingalikuwa kubwa, dhuluma ingalibaki dhuluma. Sayansi haikutunga sheria ya haki. Imewanyima kisingizio wale waivunjao.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Nami siwaambii vijana waiache asili yao. Nawauliza tu, asili yaanzia wapi? Tukiifuata nyuma vizazi vitano twafika kijijini kwa babu. Tukiifuata zaidi twafika mahali ambapo wenyeji wote walikuwa wa kuja. Yule nzi mdogo aliyechunguzwa Ulaya, azungukaye ndizi mbivu, asili yake ni Afrika. Alienea duniani kwa kuwafuata watu na vyakula vyao. Katika chupa za Basel alikuwa mgeni kutoka kwetu.

Urithi, basi, si sifa ya mtu, kwa kuwa hakuufanyia kazi. Mambo mengi tujivuniayo hata nzi anayo. Sifa ya mtu ni matumizi. Samaki na nzi walipewa amri moja, kila mmoja akajenga jicho limfaalo. Sisi tumepewa jicho na juu yake akili, nasi twaulizwa tutazame nini.

Siku ya pili nilirudi darasani nikawasimulia habari za jaribio la Basel, kisha nikakiri mbele ya wote kuwa jana nilinyamaza pasipostahili kunyamaza. Aliyetania aliinamisha kichwa. Yule ambaye hakucheka akainua mkono na kuuliza, "Mwalimu, kama jeni ya panya ilieleweka ndani ya nzi, mbona sisi hatuelewani?"

Nilimjibu kuwa nzi hakuwa na la kuchagua, bali sisi tunalo. Je, wewe msomaji ungalimjibu nini?