Nafasi Nane

Programu inafanya kazi. Imejaribiwa, data inaandikwa na inasomeka. Je, ni haki kumrudishia aliyeiandika kwa sababu tu mistari haikupangwa unavyopenda wewe?

Wengi wetu tunaokagua msimbo hujibu ndiyo, tena upesi mno. Watu wa Linux wana mwongozo wao: kila ngazi ya msimbo huingizwa ndani kwa nafasi nane, na kwa miaka mingi chombo chao cha ukaguzi kililalamika mstari ukivuka herufi 80, mpaka mwaka 2020 kikomo kilipopandishwa hadi 100. Hakuna sheria ya maumbile inayodai nane. Zingekuwa nne, kompyuta isingejali.

Binadamu ndiye anayejali. Februari 2014 Apple ililazimika kuziba tundu la usalama katika simu na kompyuta zake. Chanzo kilikuwa mstari mmoja, goto fail, uliorudiwa mara mbili. Ule wa pili uliingizwa ndani kana kwamba uko chini ya sharti lililoutangulia, kumbe hauko. Mashine iliutekeleza kila mara, na hatua ya mwisho ya kuhakiki saini ikarukwa. Mpangilio ulimwambia msomaji jambo moja, mashine ikasoma jingine. Mimi huo nauita uongo, hata kama hakuna aliyekusudia kudanganya.

Kwenye kiendeshi cha kumbukumbu ya flashi uongo wa aina hiyo ni ghali. Flashi si daftari. Kuandika hugeuza biti kutoka 1 kwenda 0. Kuirudisha 1 lazima ufute bloku nzima, na bloku huvumilia kufutwa mara elfu chache hadi kama 100,000, kutegemea aina, kisha huchoka. Ongeza na umeme wetu wa Moshi. Ukikatika katikati ya kuandika, kinachobaki ni nusu ya habari. Ndiyo maana data hutangulia, halafu ndipo inafuata alama ya kusema imekamilika. Ukigeuza, kifaa kikiwaka tena kitaamini kitu ambacho hakikumalizika.

Binti mmoja ninayefanya naye kazi alinipa kiendeshi cha namna hiyo, cha kifaa cha kurekodi mvua huko juu migombani. Kishawishi cha mkaguzi ni kuanzia kwenye mabano. Yanaonekana haraka, hayahitaji kufikiri, na yanakupa ukubwa. Unaandika maoni kumi kuhusu nafasi, unajiona umefanya kazi, na alama iliyotangulia data inapita salama mbele ya macho yako.

Mtu atasema kanuni ni kanuni, akatoa mfano wa mifongo. Kweli, Wachaga wameyaongoza maji ya vijito vya mlimani kwenye mifereji hiyo kwa vizazi vingi hadi vihambani. Wanaotumia mfongo mmoja wana zamu zao na siku za kuusafisha, na asiyetokea hutozwa faini. Uhodari wa kulima haukupi ruhusa ya kufungua maji saa unayotaka. Mfano mzuri, ila una mwiba ndani yake: kanuni za mfongo hutungwa na wale wale wanaoutumia. Hizi za nafasi nane zimetungwa na watu wanaotunza kiini cha Linux. Msimbo wetu hauendi kwao. Utarekebishwa na fundi wa hapa hapa, labda usiku, labda kwa tochi, baada ya sisi wawili kuhama.

Huyo fundi ndiye niliyemfikiria nilipofika kwenye majina. Binti alikuwa ametumia Kiswahili, na C haina neno juu ya hilo, kwa kuwa herufi zetu ni zile zile za kawaida. Lakini mahali pamoja bloku iliyochoka inaitwa bad_block, na mistari thelathini chini yake bloku_mbovu. Msomaji mgeni angedhani ni vitu viwili.

Nilimrudishia hoja mbili. Ya kwanza ilihusu alama iliyotangulia data, na hiyo sikuilainisha. Ya pili ilikuwa achague lugha moja. Mabano yake, ambayo kusema kweli yananikera, niliyaacha yalivyo.

Amechagua bloku_mbovu.